Barabara Waliyoizima

Kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa malori iko nchi ya mbali, na haijui kama mimi na baba mkwe wangu tupo duniani. Nalisema hilo mapema ili nisionekane namwonea mtu. Najua hawakutukusudia sisi. Lakini hasira yangu haina habari na makusudio yao, na mpaka leo tangazo la mchezo wao mpya likijitokeza kwenye simu, nailaza simu kifudifudi mezani na kwenda kutafuta kazi ya kufanya.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwao mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba wa mume. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hapishani naye njiani. Akimwona anakuja, anaingia pembeni, hata kama pembeni ni shamba la watu lenye matope mpaka kwenye vifundo. Wenyewe wanaita ukutila. Koo nyingi zimeshalegeza, na nimewaona wakwe wakipeana mikono kanisani bila wasiwasi wowote. Baba mkwe wangu hakulegeza. Wiki ya harusi yetu dada yake, shangazi wa mume wangu anayeishi naye pale Uyole, alinikalisha jikoni akanipa maelekezo.

"Mwanangu, kaka yangu ni mtu mzuri sana," aliniambia. "Ila wewe utamjua kwa kikohozi."

Ndivyo nilivyomjua. Akiukaribia mlango wa nyuma alikohoa, nami nikahamia stoo na bakuli langu la mchele. Nilijua viatu vyake vilipokaa, nilijua sahani yake, nilijua anapenda chai isiyo na tangawizi. Sura yake niliijua kwenye picha ya ukutani, na hata hiyo sikuikodolea macho.

Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, kutoka mpakani Tunduma kwenda bandarini na kurudi. Mguu ulipoharibika akarudi nyumbani, na mwaka uliofuata mama mkwe akafariki. Akawa mtu wa kukaa barazani na kuyasikiliza malori yanavyopanda kilima, akimwambia dada yake dereva yupi anaijua gia na yupi anaua injini. Mume wangu akamwonea huruma. Alinunua kompyuta mbili, usukani wa plastiki kwa kila moja, na mchezo wa malori unaochezwa mtandaoni na watu wa dunia nzima. Seti moja akaifunga Uyole, nyingine sebuleni kwetu Iringa. Jioni baba na mwana walisafiri pamoja, wakiongea kwa redio ya ndani ya mchezo. Barabara zenyewe zilikuwa za Ulaya, zenye theluji, lakini mzee alizipa majina ya kwetu. Mteremko mkali ulikuwa Kitonga. Tambarare yenye mashamba ilikuwa Chimala. Njia panda yoyote yenye msongamano ilikuwa Makambako.

Kisha mume wangu akapata kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Usukani ukaanza kupata vumbi. Jioni moja nilikuwa naufuta, nikawasha kompyuta kwa udadisi tu, na akaunti ya mume wangu ikafunguka yenyewe. Lori lake lilikuwa limeegeshwa yadi. Redio ikakoroma, na sauti niliyozoea kuisikia nyuma ya ukuta ikasema, "Mwanangu, twende."

Nilirudisha mikono kama aliyegusa jiko la moto. Nikawaza kuzima. Halafu nikamfikiria anasubiri, mguu wake juu ya kigoda, na nikaona kuzima ni ukatili. Nikaandika kwamba kipaza sauti kimeharibika, baba, twende. Tukaenda. Mimi gari la kweli sijawahi kuliendesha, basi kila kona nilishika breki, na kwenye Kitonga yake nilishuka kwa mwendo wa bibi harusi. Tulipofika mwisho wa safari alizima injini.

"Mwanangu hajawahi kushika breki kwenye kona toka azaliwe," alisema, na akatoka.

Nilijua nimeharibu. Nilimpigia mume wangu, naye alicheka mpaka nikamkatia simu. Siku kadhaa zilipita. Kisha shangazi akanipigia, amechanganyikiwa. "Mama, kaka anauliza kama yule dereva atakuwepo leo jioni. Sasa dereva gani? Mimi sielewi, nimeambiwa nikuulize tu."

Jioni ile alinipa sheria, kwa redio, taratibu, kama anayemfundisha utingo mpya. "Dereva wa nyuma, sikiliza. Lori haina uso. Lakini adabu ni adabu." Nisimpite kamwe. Akiwa sheli anaweka mafuta, nisubiri nje mpaka atoke. Nikimkuta anakuja upande wa pili, nitoke barabarani nimpishe. Mengine nilijiongezea mwenyewe: sikununua kipaza sauti, nikabaki kuandika, hivyo sauti yangu hakuwahi kuisikia. Sikumwandikia "baba" tena. Nilimwita dereva wa mbele. Wageni walinipigia honi kwa hasira waliponikuta nimesimama nje ya sheli yenye nafasi tele, nikisubiri lori moja liondoke. Mmoja alinitukana kwa lugha ambayo siijui, ila tusi halihitaji mkalimani.

Na pale ndipo tulipoongea. Miaka yote ya ndoa sikuwa nimebadilishana naye neno, na sasa nilijua kwamba zamani mama mkwe alimsubiri kando ya barabara na hotpoti ya wali wa Rujewa, naye mzee akala amesimama huku injini inaunguruma, kwa sababu mwenye mali hakuruhusu kulala nyumbani. Alinieleza kwamba anachokikumbuka zaidi ni mikono ya mkewe ikifunga kile kifuniko. Kwa mwanawe hilo hakuwahi kulisema, nilimuuliza mume wangu.

Mimi nami nilimwambia la kwangu. Nilikuwa nimepoteza mimba, na watu wa nyumbani, wa kwetu na wa kwao, walilipita jambo lile kana kwamba nimepoteza mwavuli. Nilimwandikia kwa mstari mmoja tu, tukiwa tambarare. Nikaona lori lake linapunguza mwendo, linapunguza zaidi, mpaka tukawa tunatambaa.

"Dereva wa nyuma," alisema baadaye, "leo tunaenda pole pole. Huu mzigo hauna haraka."

Nililia mpaka sikuiona barabara, na hakuniacha. Ndiyo maana nasema ule haukuwa mchezo, na anayetaka kunicheka anicheke.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumtumia ujumbe wa simu kama watu wengine. Ujumbe wa simu ungetoka kwa mke wa mwana kwenda kwa baba mkwe, na herufi za simu yake ndogo hakuziona vizuri, alisomewa na dada yake. Kule ulitoka kwa dereva kwenda kwa dereva. Kwake yeye hiyo tofauti ilitosha, na mimi nilikuwa nimeielewa.

Tangazo la kufunga lilitokea siku moja nilipowasha kompyuta, kwa Kiingereza laini sana. Walisema mkataba wao na watengenezaji wa malori halisi, waliowaruhusu kutumia sura za magari yao, umekwisha. Walisema wachezaji wamepungua na seva, ile mitambo inayouendesha mchezo, ni gharama. Walisema mafundi wao wamehamia kwenye mchezo mpya wenye mvua nzuri zaidi, na chini yake wakaweka picha ya huo mchezo mpya, na punguzo kwa wateja wa zamani. Kila sababu niliielewa. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba siku mume wangu alipolipa, kitufe kilisema nunua. Sasa nikaambiwa kwamba kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, hatukununua kitu. Tulipewa ruhusa, na ruhusa inaondolewa wakitaka. Wachezaji wenye ujuzi wa seva waliomba waachiwe waiendeshe wenyewe, bure, kwa gharama zao. Hawakujibiwa. Hapo ndipo nilipoielewa sababu ambayo haikuandikwa: watu wachache walioridhika na barabara ya zamani ni watu ambao hawatalipia mpya.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotegemea, na mashine ilionekana ndiyo iliyoliandika. Wakanishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao. Mimi familia naijua. Familia ni shangazi aliyenikalisha jikoni akanieleza nisimame wapi, nimpishe nani na kwa nini. Hawa walinichukulia kitu changu wakaniita ndugu, na nilitamani mtu mmoja wao awe mbele yangu nimwambie.

Kumweleza mzee ilikuwa kazi nyingine, maana Kiingereza hakusoma.

"Wanazima nini? Kompyuta?" aliuliza.

Nikaandika: barabara.

"Barabara haizimwi," alisema. "Mwenye mali akifilisika anauza lori yake. Barabara inabaki pale pale."

Nikaandika kwamba hii ni yao, wanaweza. Alipandisha mlima wote mpaka kileleni.

"Kwa hiyo siku zote tulikuwa uani kwa mtu," alisema.

Mume wangu alipompigia kumwahidi ule mpya, alikataa katakata. Alisema hapandi tena gari ya mtu aliyemshusha njiani. Sikumlaumu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Tangazo lilisema watazima jioni, kwa saa zetu, kwa hiyo tukakubaliana kuanza mchana, baada ya kanisa, tuwe na muda wa kutosha. Barabara zilijaa. Watu ambao hatukuwaona miaka mingi walirudi kuaga, wanapiga honi, wanawasha taa ovyo. Sisi tulikwenda kwa utaratibu wetu, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka tukaiacha ile fujo na kufika kwenye tambarare anayoiita Chimala. Hapo akawasha taa ya kuashiria, akasogea pembeni na kupunguza mwendo. Nikapunguza na mimi, kama kawaida.

"Dereva wa nyuma," alisema. "Pita."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimekaa mbele yako miaka yote. Sijawahi kuona unavyoendesha. Leo hii barabara inakufa, hakuna wa kutuuliza. Pita, mwanangu."

Mwanangu. Nilikaa na lile neno. Lilikuwa langu sasa, hakuwa amekosea mtu. Nikawasha taa ya kuashiria, nikatoka nyuma yake. Sikuandika, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na kwa sababu nilijua ataniona. Pua ya lori langu ilikuwa bado haijayafikia hata matairi yake ya nyuma picha iliposimama. Yakatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakisema nimeondolewa, asante kwa safari.

Kwanza nililaumu bando, nikaongeza bando. Nikazima, nikawasha. Baadaye nikasoma kwenye jukwaa la wachezaji kwamba walianza kuzima mapema kuliko walivyoahidi, tena kwa mafungu, watu wa fungu hili kwanza, wengine baadaye. Walituahidi mpaka jioni, na hata hiyo jioni wakatuibia. Fungu langu lilikuwa la kwanza. La mzee lilifuata baadaye kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichoniumiza, ingawa siku ile sikujua.

Nilijua Pasaka, tulipokwenda Uyole. Nilikaa jikoni nikisubiri kikohozi. Hakikuja. Mchana ukapita, sahani yake ikabaki imefunikwa. Nikamuuliza shangazi mzee yuko wapi.

"Amekwenda Chimala, kwa binamu yake," alisema, akichambua mboga asinitazame. "Atarudi mkishaondoka. Amesema asikusumbue."

Nikamwambia hajawahi kuondoka tukija. Akaweka kisu chini.

"Mama, mimi haya mambo ya kompyuta siyajui. Kaka anasema alikukosea adabu. Alikwambia neno ambalo mkwe haambiwi, wewe ukatoweka pale pale. Anasema alibaki peke yake pale barabarani anakusubiri, anaangalia, hukurudi. Halafu ndiyo na yeye ikamzimikia. Anasema hukumjibu hata neno, na ulifanya vizuri, yeye mzee ndiye amejivunjia heshima."

Nilisimama. Nilimweleza yote, mafungu, saa, maandishi meupe, nikarudia mpaka nikahakikisha ameshika. Nikamwambia ampigie sasa hivi, amwambie sikukimbia, ni wenye mchezo walionikata. Shangazi ni mtu mwema. Alitoka uani na simu yake, na nilimsikia akieleza kwa Kinyakyusa, kirefu, akikosea na kurudia. Kisha akasikiliza.

Aliporudi alifuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji.

"Nimemwambia yote," alisema. "Amekushukuru sana. Anasema alijua utasema hivyo hivyo, kwa adabu yako."