Mkono wa Mama, Picha Kumi na Mbili

Kiharusi kilipomwachia mama mkono mmoja, niliapa kumrudishia wa pili kwa penseli. Mama alikuwa mpigaji wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja, na hatukuwa na video yake hata moja. Alitamani ajione akipiga tena, walau mara moja.

Kazi yangu ni katuni za kuchora kwa mkono, hapa hapa nyumbani Mkonze, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Basi nikajitia fundi. Nikachora picha ishirini na nne kwa kila sekunde, mistari safi, kila kidole mahali pake. Msimu mzima wa zabibu niliinama pale, shingo ikakakamaa.

Nilipoziunganisha kwenye kompyuta, mama alitazama hadi mwisho, akasema, "Huyu anaipapasa ngoma. Anaiogopa?"

Nilikasirika, nisidanganye. Nilitoka nje nikaizunguka nyumba. Niliporudi nikatazama tena, na kweli, mkono ulikuwa unaelea kama uko ndani ya maji. Kati ya mkono juu na mkono chini nilikuwa nimejaza picha tele, na jicho likazifuata zote taratibu, lisishtuke. Ulaini niliojivunia ndio ulioua pigo.

Nikaanza upya. Mvumilivu hula mbivu, ila kwenye kazi yetu awe pia na kifutio kikubwa. Nikashuka hadi picha kumi na mbili kwa sekunde. Mkono ukifika juu, niliuacha usubiri kidogo. Kushuka, niliondoa picha zote za katikati nikaweka moja tu, mkwaruzo mnene wa mkaa usio na vidole. Ukigusa ngozi, niliugandisha. Mama alinisimamia kutoka kitini kwake, akinikemea kwamba pigo linaanzia begani, siyo kiganjani kama mtu anayefukuza nzi. Nilifuta bega lile mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimwonyesha tena asubuhi moja baada ya chai. Aliashiria nirudie. Nikarudia, na nikarudia tena. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaanza kupiga paja, ukitua pale pale mchoro unapotua. Machozi yalinitoka, na sikuyaonea aibu.

"Huyo ni mimi," alisema.

Nikadhani kazi imekwisha, nikafunga kompyuta. Yeye hakuacha. Aliendelea kupiga kwa mkono mmoja, na kila ilipofika zamu ya mkono wa kulia akapaacha kimya, kisha akaendelea. Akanitazama.

"Mbona umekaa? Huyu naye mchore."

Niliwasha taa ya meza. Mkono wa kushoto ulinilia karatasi nyingi. Ule wa kulia niliuchora mara moja tu, umelala pajani, na picha hiyo hiyo nikaitumia mwanzo hadi mwisho.