Mtani aliyemvua mdogo wangu kofia mpaka Kiingereza kikanyooka

Wakuu, nawasalimu. Mjukuu wangu Zaina, anayeniandikia, ameniambia ndivyo mnavyoitana humu jukwaani. Aliye mdogo kwangu aseme shikamoo, nami nimekwisha kuitikia marahaba.

Mimi ni binti wa Mzee Mhando na Mama Mwanahawa, mzaliwa wa Kang'ata, Handeni, enzi za Mwingereza. Darasani sikuingia hata siku moja.

Lakini Zaina amenisomea wanafunzi mnavyoulizana humu makosa ya Kiingereza, nikaruka kitini! Makosa matatu nayajua barabara. Nitaeleza nilivyoyajua, bila chumvi.

Nilipoolewa nilihamia Old Korogwe. Mdogo wangu Sefu akaja kukaa kwangu asome middle school. Baba alimudu kusomesha mtoto mmoja tu, akamchagua yeye. Kwa hiyo Sefu angeshindwa, tungekuwa tumeshindwa wote wawili.

Kuandika aliweza. Kusema, hapana. Aliogopa kuchekwa, akawa bubu.

Na mwisho wa mwaka Mzungu wa elimu alikuwa anakuja kuwahoji mmoja mmoja, kwa mdomo. Asiyejibu, jembe linamngoja Kang'ata.

Jirani yetu alikuwa Maganga, Mnyamwezi, mpishi wa meneja wa shamba la mkonge. Naye hakusoma. Kiingereza alikiokota jikoni kwa miaka mingi, kikamkaa.

Hapa nisikilizeni, maana vijana utani mmeuacha. Sisi ni Wazigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani akichukua kitu chako mbele ya macho yako, hukasiriki. Akikutukana, unacheka. Hata msibani, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha.

Alasiri moja Maganga akamwuliza Sefu kwa Kiingereza kama alikwenda sokoni. Sefu akajikamua: "I did not went."

Maganga akamvua kofia, akaivaa yeye!

"Mzigua we! Did imekwisha kuubeba wakati uliopita, nawe unaubeba tena? Mwizi wa mchana! Sema I did not go."

"Nipe kofia yangu, Maganga."

"Iombe kwa Kiingereza, mtani."

Kofia ile aliishona mama yetu. Haikurudi.

Kesho yake akamwuliza mimi nafanya nini. Sefu akajibu: "My sister she is cooking."

Maganga akanyoosha mkono, akamkamata jogoo wangu.

"Jogoo ni wangu mimi!" nikapiga kelele.

"Kosa limemtaja dada mara mbili, sister halafu she. Basi dada naye alipe. Mara moja yatosha: My sister is cooking."

(Zaina anacheka. Nimemwambia aandike, asicheke.)

La tatu lilikuwa "I am agree." Likaondoka na mkanda. Maganga akasema, "Agree inajitembeza yenyewe, haihitaji kushikwa mkono na am." Sefu akawa anafunga suruali kwa kamba ya katani.

Lakini wakuu, yule bubu alianza kusema! Kwa hasira, kwa kicheko, kwa kumfukuza Maganga uani akidai kofia yake. Akikosea, anachekwa, anarudia. Hofu ilimtoka bila mwenyewe kujua.

Siku ya Mzungu ikafika. Sefu akaenda kichwa wazi, kamba kiunoni. Mimi siku ile nilifagia uwanja mara tatu.

Adhuhuri nikasikia mtu anakuja mbio barabarani.

"Dada! Dada! Kofia imeniokoa!"

Mzungu alimwuliza kama likizo alikwenda Tanga. Akaanza, "I did not..." akakwama. Mkono ukapanda kichwani, ukakuta kichwa kitupu. Akamkumbuka Maganga. "I did not go, sir!"

Akaulizwa kama anakubali kwamba kilimo ni kazi ya heshima. Akashika kamba kiunoni. "I agree, sir!"

Alichaguliwa kuendelea na masomo! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimejifungua.

Jioni ile Maganga akaleta kofia na mkanda ndani ya kikapu.

"Na jogoo?" nikauliza.

"Huyo alihitimu zamani, mtani. Chunguni."

Sefu akawa mwalimu. Miaka mingi baadaye Maganga alipofariki, sisi watani tulikwenda kutimiza wajibu wetu wa kuchekesha. Sefu, mwalimu mzima mwenye mvi, akasimama kando ya kaburi, akasema kwa sauti: "Maganga, I did not went!"

Watu wakacheka.

Yeye akabaki ameinamisha kichwa, kofia juu yake, anangoja ivuliwe.

Fundisho langu ni hili: wanafunzi, msifiche makosa. Tafuteni wa kuwacheka kwa upendo, mseme mbele yake kila siku. Nanyi wakuu, nani aliwanyooshea Kiingereza chenu, na aliwanyang'anya nini? Andikeni, Zaina atanisomea.

Nawe Zaina, kofia ya Sefu imo sandukuni mwangu, chini ya kanga. Usiifue, ina jasho lake. Ndugu zako wakikosea, wavue walichovaa na uwarudishie wakifaulu. Kuku wangu usiwaguse.