Pweza Kilo Mia na Ishirini na Tisa

Austine alikuwa kijana wa bara, mzaliwa wa Bungoma, aliyefika Diani kwa mwaliko wa mjomba wake, bawabu wa hoteli moja ya vyumba arobaini. Alikuja wiki mbili kuoga bahari. Siku ya tatu akakuta kompyuta ya mapokezi imegoma, akaizima, akaiwasha, ikafanya kazi. Hakurudi kwao tena. Meneja, Bi Lenah, alimwajiri papo hapo, naye akajitungia cheo mwenyewe, Mkuu wa Mifumo, akaenda Ukunda kukitarizisha kwenye shati kwa uzi wa dhahabu. Chini yake hakukuwa na mtu hata mmoja, lakini mkuu ni mkuu.

Tuseme kweli, hakuwa mjinga. Alikuwa amesomea kuandika programu miezi sita, miwili darasani na minne kwa video za simuni. Video hizo alizitazama kwa kasi maradufu, kwa sababu, alisema, walimu wanapenda kuzunguka mbuyu. Duniani kuna wajuao na wasiojua, na kuna wale waliojaza kibaba wakatangaza pishi. Austine alikuwa wa pishi.

Stoo ya hoteli ilikuwa mikononi mwa Bi Twaiba, mama wa Msambweni, aliyekuwa katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Kila asubuhi alipita jikoni akiuliza kila mkahawa unahitaji nini, akaandika katika kaunta buku, akajumlisha kwa kichwa, kisha akampigia muuzaji simu. Samaki na pweza aliwaagiza kwa Abdulwahab, aliyekusanya kwa wavuvi kuanzia Kibuyuni hadi Gazi. Miaka kumi na tisa hakuna mgeni aliyekosa kitoweo. Hili ndilo lililomkera Austine. Kitu chochote kilichokwenda vizuri bila yeye alikiona ni dharau.

Basi akajifungia miezi mitatu akaunda mfumo. Kila jiko lilipewa kishikwambi. Mpishi angeandika kiasi anachotaka, mfumo ungejumlisha, na ujumbe ungemfikia muuzaji wenyewe, bila Bi Twaiba kufungua kinywa.

Siku ya uzinduzi Bi Lenah aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini. Austine akaandika nazi sitini, akatoa kumi na tano. Arobaini na tano! Akaandika trei tatu za mayai thelathini thelathini, akazidisha. Tisini! Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwomba ajumlishe, maana nani atamuuliza Mkuu wa Mifumo kama anajua kujumlisha?

"Sasa hilo kaunta buku lako tulichome," Bi Lenah akasema kwa furaha.

"Liacheni," Bi Twaiba akajibu. "Mna mapishi ya dada yangu humo."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kazi. Mkahawa wa ufukweni uliandika pweza kilo kumi na mbili. Mkahawa wa ghorofani ukaandika kilo tisa. Bi Twaiba alitazama kioo cha kishikwambi, akavaa miwani, akatazama tena, akaenda ofisini kwa Austine.

"Mwanangu, kuna kitu hapa."

"Sema, mathe."

"Kwanza, shikamoo hukunipa. Pili, mimi naitwa Bi Twaiba. Tatu, kumi na mbili na tisa ni ishirini na moja, na hapa pameandikwa mia na ishirini na tisa."

Austine alitabasamu kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa akijitajia dawa. "Shikamoo, Bi Twaiba. Hiyo yako ni hesabu ya vidole. Mfumo unaangalia mbali. Wikendi inakuja, kuna wageni wa ghafla, kuna mambo mengi wewe huyaoni."

"Marahaba. Na ujumbe ushakwenda?"

"Zamani. Mfumo haungoji mtu."

Abdulwahab alipoupata ujumbe ule alidhani hoteli inamwoza binti wa mfalme. Akapanda pikipiki kijiji kwa kijiji, akawatoa wavuvi misikitini wakiwa bado na udhu. Alasiri aliingia langoni na tuk-tuk tatu, mikono ya pweza ikining'inia pembeni kana kwamba inawapungia watu.

Wageni wakala pweza wa nazi. Wakala supu ya pweza, na pweza wa kukaanga, na saladi yake. Jumanne asubuhi pweza aliingia hata ndani ya mayai. Mzee mmoja Mjerumani alimwita mhudumu akamuuliza kwa adabu kama Kenya kuna mnyama mwingine.

Na mayai yenyewe yakafuata. Mpishi wa mikate aliomba tisini, wa kifungua kinywa sitini. Muuzaji akaja Jumatano na mayai elfu mbili, akaomba radhi kwa yaliyobaki: agizo lilisema elfu tisa na sitini, na ameshawapigia hodi kuku wote wa Kwale.

Bi Lenah akamwita Austine mbele ya watu. "Eleza."

"Ni chumvi ya bahari, madam. Inaingia kwenye mitambo, mtandao unachanganyikiwa." Alipoona chumvi haiaminiki, akageuka. "Tena Bi Twaiba anabonyeza kioo kwa kucha. Kucha ndefu zinaongeza tarakimu."

Bi Twaiba akanyoosha mikono yake juu ya meza, vidole vyote kumi. Kucha zilikuwa zimekatwa hadi nyamani, zimekolea hina. Austine alihisi uzi wa dhahabu unamwasha kifuani.

Saa sita Bi Twaiba akamfuata ofisini na kipande cha katoni. Aliandika juu yake kwa kalamu nene: 12, 9, 129. Chini yake: 90, 60, 9060.

"Tazama," akasema. "Mfumo wako haujumlishi. Unabandika. Unachukua kumi na mbili, unaigundisha na tisa. Kwake hizi si hesabu, ni maandishi. Ukimweka Mishi pamoja na Chande hupati mtu mmoja mkubwa, unapata MishiChande."

Austine alitazama katoni. Alilikumbuka somo lile. Lilikuwa video ya nne, mwalimu mwenye sauti ya polepole: chochote mtu anachoandika kwenye kisanduku huingia kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na ni juu yako kukigeuza kuwa namba kabla ya kukijumlisha. Alikuwa ameikatiza hapo hapo akaenda kula.

"Lakini kutoa kulifanya kazi," akanong'ona. "Na kuzidisha."

"Maneno utayatoaje? Hapo pengine mashine ililazimika kuyageuza yenyewe. Kujumlisha ikaona ni kuunganisha. Mimi sijui, mwanangu. Mimi najua pweza."

Ndivyo hasa ilivyokuwa. Dawa yake ilikuwa neno moja, kuwekwa mahali pawili, kazi ya dakika tatu. Mtu mwenye busara angeliweka, akasema ahsante, akaenda kula. Austine alijifungia mpaka jioni. Alikuwa ameumbuliwa na maandishi, basi akaapa kwamba ndani ya mfumo wake hayatabaki maandishi tena. Kila palipokuwa na tarakimu akageuza namba: kilo, trei, vyumba, na namba za simu za wauzaji pia.

Alhamisi alizindua upya. Pweza wawili na wawili wakawa wanne. Bi Lenah akashusha pumzi. Ijumaa hakuna jiko lililoagiza kitu, maana pweza na mayai vilikuwa bado vimejaa.

Jumamosi wakafika wageni sitini wa harusi, na samaki hakuja. Kuku hakuja. Saa nne ikapita, saa tano ikagonga, mpishi akawa anazunguka jikoni na kisu kisicho na cha kukata. Mfumo ulionyesha alama za kijani kila mahali: ujumbe umetumwa, umetumwa, umetumwa.

"Umetumwa kwa nani?" Bi Twaiba akauliza. Akainama kwenye kioo, akasoma namba ya Abdulwahab kwa sauti. "Sifuri ya mbele iko wapi?"

Austine akafumba macho. Namba haina haja ya sifuri mbele yake. Sifuri saba ni saba tu, na mashine, kwa utiifu mkubwa, ilikuwa imezifuta zote.

"Namba ya simu utaijumlisha na nini, mwanangu? Hilo ni jina la mtu, limeandikwa kwa tarakimu." Akatoa simu yake ya vibonyezo, akafungua kaunta buku, ambamo namba za wauzaji zilikuwa kando ya mapishi ya dada yake, akaanza kupiga. Saa saba na robo samaki wa kwanza, changu mnono, alikuwa kwenye makaa.

Wiki iliyofuata Austine aliandika ripoti ya kurasa kumi na nne kuhusu ubadilishaji wa aina za data katika mazingira ya pwani. Hakuna aliyeielewa, kwa hiyo ilisifiwa sana. Wamiliki wakampa ofisi yenye kiyoyozi, na wakaagiza kwamba wafanyakazi wa stoo, "ambao uelewa wao ni mdogo", wafundishwe. Bi Twaiba akahudhuria siku nzima, akala biskuti mbili, akapewa cheti kilichoandikwa "Bw. Twaibu". Mwalimu alikuwa Austine. Alifundisha akiutazama ukuta.

Sifa zile zilimkaa vibaya kama kiatu cha kuazima, lakini hakukivua. Alichofanya ni hiki: kila asubuhi, kabla ujumbe haujatoka, huteremka stoo na kishikwambi kifuani, akasimama mlangoni mpaka akaribishwe.

"Bi Twaiba, naomba unitazamie."

Naye hupitisha kidole kwenye orodha, midomo ikicheza kidogo. "Haya, tuma. Na kitunguu punguza, gunia nililonalo linatosha."

Kwenye ripoti ya mwezi, dakika hizo tano huitwa uhakiki wa kiotomatiki.