Mtaro Uliofukiwa ili Gari Lipite

Sekondari nilimaliza, na somo la katiba nalikumbuka kwa sababu nilifanya vizuri kwenye prova, mtihani wa mwisho. Mwalimu alituandikisha kwamba miji ina serikali yake, wenyeji wanaichagua wenyewe, na katiba inaitambua. Kwa ujinga wangu nikafurahi. Nikajua nikikua nitakuwa na mtu wa kumwambia, "Wewe, njoo uone."

Haya, nimekua. Nina watoto wawili, chumba kimoja, na mbele ya mlango mtaro wa maji ya mvua. Mtaro ukiwa wazi, wanangu wanalala pakavu. Ukiziba, maji ya mtaa wote, bairo zima, na ya vyoo vya watu yanaingia ndani. Mwaka tuliorudi kutoka kukimbia vita yaliingia, na mdogo nusura anifie kwa kuhara. Nilimbeba amelegea kama nguo mbichi.

Basi mkuu wa munisipio, yaani wa mji wetu, tuliyemchagua, akatangaza kwamba atatutembelea. Mjumbe wa bairo letu, naye tulimchagua, akaja na vijana na matoroli ya mchanga. Wakaufukia mtaro toka kwangu mpaka kona. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Mnafanya nini?"

"Tunatengeneza njia, dona," mjumbe akasema, akiniita mama kwa Kireno. "Gari la shefe lipite."

"Na maji yapite wapi?"

"Kwani leo kuna mvua?"

Mtu mzima huyo, na kura yangu anayo.

Kisha akaagiza wanawake wote tupake msiro usoni, ule urembo mweupe wa mti, tuvae kapulana zilizogawiwa, tuje kucheza ngoma. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaanza kusaga msiro wake kwenye jiwe.

"Paka, mwanangu. Mgeni huyo."

"Mgeni gani, mama? Kazaliwa nyuma ya msikiti hapo. Sisi ndio tuliomwajiri."

"Mwajiri gani ananuka samaki kama wewe?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka kwa hasira. Ndivyo tulivyo. Mtu tunamchagua kwa kidole chetu wenyewe, wino haujakauka, tayari tumemfanya mgeni, tunampigia vigelegele na kumwomba radhi kwa vumbi letu.

Nikachukua jembe, nikauchimbua mtaro, uso mkavu bila msiro. Gari lilipofika likakwama ng'ambo ya mtaro. Mkuu akashuka, akapandisha suruali, akaruka. Vigelegele hivyo! Ungedhani ameogelea kutoka kisiwani Macaloe. Kwenye hotuba akaitaja katiba, akasema mamlaka ni ya wananchi, kisha akauliza nani kachimba pale. Watu wote wakanigeukia.

"Mimi. Nilikuchagua wanangu wasilale majini."

Akacheka. "Huyu mama ana hasira!" Wakacheka wote. Akala wali, akaondoka. Mtaro hakuutaja tena.

Juma lililofuata mjumbe akarudi na mchanga. Safari hii anakuja mkuu wa wilaya, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Ametumwa tu kutoka juu. Nikaona kumbe kwa mjumbe ni yuleyule, wa kura na wa kutumwa, wote gari lao lipite. Upande wa baharini wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Nikatandika kapulana ndani ya mtaro, nikakaa, mtoto kifuani ananyonya.

"Toka, dona."

"Mwaga."

"Nitamwita mumeo."

"Mwite. Yuko Diaca shambani. Mwambie aje na koleo akusaidie kunifukia."

Mama mkwe akatoka. Nikajua ananijia na aibu za ukoo mzima. Akatazama toroli, akatazama wingu, akafyonya.

"Sogea huko," akaniambia, akateremka akakaa. "Mwaga basi, baba. Anza na mimi."

Vijana hawakusubiri kuambiwa. Wakageuza matoroli, wakaenda zao na mchanga wao. Mjumbe akabaki amesimama, ananikodolea macho kana kwamba ndiyo kwanza anamwona mtu wa bairo lake. Nami nikamkodolea hivyohivyo, nikamhamishia mtoto ziwa la pili.