Kile Kilichomzunguka Nzilani

Mwaka ule wa themanini na moja, Nzilani alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Umoja asiyeweza kukaa kitini. Anashona kola, anainuka. Anafungua dirisha, anafunga. Anafagia palipokwisha kufagiwa. Siku moja alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua.

Hali hiyo ilianza jioni ile mumewe, Matheka, aliposema kwamba amechoka kuendesha lori, na mwisho wa mwezi watahamia kijijini Mwala kwa mama yake. Nzilani alijibu, "Sawa, Baba Koki." Tangu hapo kifuani mwake kitu kikawa kinatembea, hakina jina, hakina mlango wa kutokea.

"Ni presha hiyo," jirani yake Jecinta alimwambia. "Meza vidonge."

Akavimeza. Kitu kikaendelea kutembea.

Jumatano alikwenda ngumbaru kama kawaida, darasa la watu wazima nyuma ya kanisa, alikokuwa akijifunza kusoma na kuandika. Mwalimu Asenath akafuta ubao.

"Leo hakuna kunakili. Kila mtu aandike jambo lake mwenyewe."

"Mwalimu, mimi sina jambo," Nzilani akasema.

"Basi andika hivyo, Mama Koki, tuone kama ni kweli."

Akina mama wakacheka. Nzilani akaandika: *Mashine yangu iko Umoja.* Akaitazama sentensi ile. Ilikuwa kama imekaa peke yake, inamngoja mwenzake. Akaandika tena, polepole, akikandamiza penseli hadi karatasi ikakaribia kutoboka: *Mimi sitaki kuhama.*

Akashtuka kama aliyefumaniwa. Wiki tatu alidhani anaumwa, kumbe alikuwa anakataa.

Nyumbani alimkuta Matheka na katoni nne za kufungia vyombo. Mdomo wake ulishazoea "sawa", ungeisema tena. Akampa daftari.

Matheka akasoma, akacheka. "Nani amekuandikia haya?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Na ile sawa yako?"

"Niliisema kabla sijajua."

Matheka akasoma tena, midomo ikicheza, kicheko kimemwisha. Nzilani akavuta kiti mbele ya cherehani, akaketi. Moyo ulikuwa bado unamwenda mbio, ila miguu ilikaa palepale, ikikanyaga pedali.

"Hizo katoni," alisema bila kugeuka, "niachie moja. Nitawekea vitambaa."