Damu ya Bihogo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na mwaka wa pili tu tangu niolewe Ihembe, kiburi kimenijaa hadi puani. Mimi ni mzaliwa wa Kimuli, nilikua nikikamua ng'ombe wa baba, na huku ukweni walijua zaidi migomba na kahawa. Basi kikundi chetu cha kupeana ng'ombe kilipotupatia mtamba mmoja, Bihogo, nikajiona ndiye daktari wake. Masharti ya kikundi unayajua: ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani anayesubiri. Jirani yetu Koku, mjane, alikuwa ameshajenga banda, na Bihogo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Asubuhi hiyo Bihogo aligoma kula. Mwili ulikuwa wa moto, na tezi chini ya masikio zimevimba. Nikasema bila hata kufikiri, "Amakebe!" Ndivyo tunavyoiita ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe kwa siku chache. Kwa baba nilikuwa nimeiona dawa yake: chuma chekundu kutoka motoni, unachoma tezi. Usinicheke. Nilimfunga mnyama wa watu nikamchoma upande wa kushoto, naye akatoa mlio ambao hata leo sipendi kuukumbuka.

Nilipogeukia upande wa kulia, mama mkwe alinishika mkono. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapata.

"Kwenu mna ng'ombe wengi, nimesikia," aliniambia. "Je, mna macho ya kuona ndani ya damu? Huo upande uliobaki niachie. Nimemtuma Koku amwite yule binti wa maabara ya mifugo."

Niliona aibu, tena nikanuna. Binti mwenyewe, Adventina, mwenyeji wa Muleba, alifika na pikipiki. Alipiga goti akamwamkia mama mkwe shikamoo, ndipo akamtazama Bihogo. Kidonda nilichomchoma alikiona, akafungua mkoba wake. Alitoa tone la damu sikioni, kisha kwa sindano akavuta majimaji kidogo kwenye tezi ya kulia. Ile ya kushoto ilikuwa imeungua, haikufaa kwa lolote. Kila tone alilipaka kwenye kipande chake cha kioo.

"Ni amakebe, sivyo?" nikamuuliza, nikitaka kushinda.

"Sijui bado, mama. Nitajua nikishaangalia."

Nakwambia, nilimpenda palepale. Mtu aliyesoma, mbele ya mama mkwe wangu, anasema hajui! Nikaomba kumsindikiza hadi maabara. Alivikausha vile vioo, akavitia rangi, akainamia darubini, akipekua taratibu kama anayechambua kahawa punje kwa punje. Mwenda pole hajikwai. Hatimaye akaniita nitazame: kwenye damu kulikuwa na nukta ndogo, pembezoni mwa chembe za damu. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Kwenye tezi hakukuwa na dalili yoyote ya amakebe. Uvimbe ulitokana na vidonda vya kupe masikioni. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu ule mwingine, na chuma changu hakitibu wowote.

Jioni ileile bwana mifugo alimpiga sindano iliyostahili. Siku ya tatu Bihogo akala, na baada ya miezi miwili akazaa ndama jike. Koku alilia akimpokea. Mimi nililia zaidi, maana nilijua nilivyokaribia kumnyima.

Siku hizi dawa ziko kila duka, na kila mmoja wenu ana bomba la sindano ndani. Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ogesha mifugo yako kwa wakati ili kupe wasikutawale. Mnyama akipata homa, usimchome chuma wala usimpige sindano ya kubahatisha kabla damu haijachukuliwa, kwa sababu dawa yaweza kuvificha vijidudu vya ugonjwa na darubini ikakosa la kuonyesha. Mwite mtaalamu mapema, umweleze yote uliyofanya, hata yale ya aibu. Majuto ni mjukuu.

Mungu akulindie zizi lako, akupe maziwa ya kunywesha watoto na ya kumgawia jirani. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akuletee mtu wa kukukemea ungali na cha kuokoa.