Brashi na Bango la Fundi Nguo-Za

Mtaani walimwita Brashi, na jina lilimganda hadi wakwe zake wakalisahau lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mchora mabango tangu enzi zile duka lisilo na maandishi ya mkono lilipoonekana kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine kwenye plastiki, yanapauka kabla duka lenyewe halijazoeleka. Ukitaka kumharibia siku, msifie hayo.

Jumatatu alikuwa kliniki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai, dawa ya sonona, ule ugonjwa ambao watu huuita mawazo kisha wakakuambia ujikaze. Daktari wake, mwanamama asiye na haraka, alimweleza bila kuzunguka.

"Mzee wangu, uko vizuri muda mrefu sasa. Lakini ugonjwa ulishakuangusha mara mbili, na unaweza kurudi. Wapo wanaoendelea na dawa miaka na miaka, wapo wanaopunguza kidogo kidogo huku tunawaangalia. Ila usikate ghafla kwa kichwa chako. Kafikirie, Alhamisi uniambie."

Moyoni alikuwa ameshajibu: ataacha. Zamani, akifungua kopo la rangi nyekundu, kitu kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni. Aliimba juu ya ngazi. Aligombana na herufi kama watu, R akiitukana, S akiibembeleza. Tangu aanze vidonge alilala vizuri, alikula vizuri, hakununa na mtu, lakini nyekundu ilikuwa nyekundu tu. Alimkumbuka yule kijana wa juu ya ngazi, na kumkumbuka kulimuuma.

Jumatano asubuhi alimwambia mkewe, "Vaa viatu, mama. Nataka nikuonyeshe nilikuwa nani."

"Nilikuwepo, baba," mkewe akajibu, lakini viatu akavaa.

Walianzia kwenye duka la baiskeli, ambako gurudumu alilolichora bado lilionekana kama linataka kuondoka ukutani. Wakapita kwa kinyozi, wakapita kwenye ghala la mbao. Kila mahali Brashi alisimama, mikono nyuma, akikagua kazi yake kama mkwe aliyekuja kutazama nyumba.

"Unaikumbuka kamba ya chaki?" aliuliza.

Angeisahau vipi? Miaka ya mwanzo ya ndoa yao, yeye ndiye aliyeshika ncha moja na Brashi nyingine. Kamba ikivutwa na kuachiwa, ta! mstari mnyoofu ukabaki ukutani, na chaki ikamjaa mkewe kwenye nywele. Walirudi nyumbani weupe wote wawili, wakicheka hadi majirani wakachungulia. Wote wawili waliikumbuka hiyo, na kwa hatua kadhaa wakatembea wameshikana mikono, watu wazima na akili zao.

Mwisho wakafika kwa mshonaji. Juu ya mlango wake paliandikwa, kwa herufi nzuri kupita zote mjini: MSHONAJI WA NGUO ZA. Basi. Baada ya hapo ukuta mtupu. Mshonaji mwenyewe aliitwa Fundi Nguo-Za hata na wajukuu zake.

Brashi alianza kucheka kabla hajafika mlangoni. "Rangi ikaniishia! Nasema nikalete nyingine, huyu bwana akakataa. Eti anayetaka kujua nguo za nani, aingie ndani aulize!"

Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia kwenye kila mkusanyiko kwa miaka kumi na mitano. Mshonaji alikuwa ametoka mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni. Safari hii hakucheka. Alimtazama mke wa Brashi, akainamisha macho.

"Rangi haikuisha," mkewe alisema.

"Haikuisha vipi?"

"Kopo lilikuwa nusu. Ulishuka kwenye ngazi, ukakaa chini hapo, mgongo ukutani. Shemeji huyu fundi akaniita. Nilikukuta umeshika brashi imekauka, nakuita huitiki. Tulikubeba. Ukalala miezi minne, baba. Ndiyo ile mara ya kwanza."

"Kweli kaka," mshonaji alisema kwa sauti ya chini. "La rangi tulilitunga sisi, watu wasikuseme."

Brashi aliitafuta siku hiyo kichwani. Hakuiona. Alikuta kicheko tu, kile cha baadaye. Aibu ilimpata, kisha woga, woga wa kweli wa kujua kwamba yule kijana wa kwenye ngazi aliyemtamani ndiye huyohuyo aliyebebwa.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulipoinuka ukaisikia hiyo ya rangi kwa watu, ukaanza kuisimulia kama yako. Ukacheka. Miezi minne nilikuwa sijakusikia ukicheka. Ningekukatiza vipi?"

Walimuaga mshonaji, wakashika njia ya nyumbani. Karibu na ghala la mbao mkewe alisimama kupumzika.

"Sikuzuii," alisema. "Mwili ni wako, na hiyo nyekundu najua unaililia. Ukiamua kuacha, daktari atakusaidia, nami nitakushika mkono. Nakuomba kitu kimoja tu. Uniage. Mara ile uliondoka bila kuniaga, na ulikuwa umelala palepale pembeni yangu."

Brashi alimtazama mwanamke huyu aliyebeba uongo wa kopo la rangi miaka kumi na mitano ili yeye apate kitu cha kuchekea. Nyekundu ile ataililia bado, hilo hakujidanganya. Akamshika mkono.

"Siendi," alimwambia. "Kesho daktari nitamwambia naendelea na dawa."